Fundi Anayeanzia Chini

Mnunuzi wa gari wa kawaida huanza na boneti. Ataomba injini iwashwe, atainamisha sikio, atachomoa dipstiki na kuipangusa kwa kitambaa, kisha atakanyaga mafuta kidogo aone moshi ni wa rangi gani. Dalali aliyesimama pembeni analijua hilo, ndiyo maana injini huwa imeoshwa ikang'aa tangu jana yake. "Bosi, injini hii haijawahi kufunguliwa," atasema, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Ile 1HZ iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za mkonga, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, ikibadilishiwa oili kwa wakati haina ugomvi na mtu. Kinachoiua Land Cruiser huku kwetu ni chesisi.

Fundi ninayetaka kumsifu huanzia huko. Gereji yake iko Kashai, mjini Bukoba, haina bango, na kazi zake za kila siku ni springi, bushi na breki. Lakini watu wa Kamachumu, Nshamba, Kanyigo na hata Ngara humfuata kwa shughuli nyingine: humchukua aende nao kutazama gari kabla hawajatoa pesa. Habebi vitu vingi. Tochi, nyundo ndogo, bisibisi bapa iliyolika ncha, brashi ya waya, waya mgumu uliokunjwa mwishoni, sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, na gunia la kulalia. Nimefuatana naye mara kadhaa nikiwa mshika tochi, na nimeona jinsi mtu anavyoweza kukaa chini ya gari muda mrefu, kimya, wakati watu watatu huku juu wanamharakisha, na asiharakike.

Kagera ni mahali pabaya kwa chuma. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile inayonyesha Dodoma. Ziwa lenyewe ndilo linalotuletea: usiku mawingu hujikusanya juu ya maji, na kukikaribia kucha upepo huyasukuma hadi ukingo huu wa magharibi yakatumwagikia. Ukitoka ufukweni kuelekea Karagwe mvua hupungua sana, lakini ukanda wa ziwani wa Bukoba na Muleba haukai mkavu kwa muda mrefu. Juu ya hapo kuna udongo wetu mwekundu, ambao ukilowa hunata na ukikauka hauanguki. Barabara kuu kutoka Bukoba kupita Muleba hadi Biharamulo ina lami, na mtu anayepita hapo tu anaweza kudhani habari za matope zimekwisha. Aache lami basi, aingie vijijini mwezi wa Aprili wakati kahawa na ndizi zinasubiri usafiri, au ashuke mwaloni kufuata samaki. Atalikuta tope limemngoja.

Hata hivyo fundi hailaumu mvua. Maji yanayopita, anasema, hayana neno. Shida ni maji yanayokaa. Na chesisi ya magari haya ina mahali pengi pa maji kukaa. Ni mihimili miwili mirefu inayotoka mbele hadi nyuma, imeunganishwa na mingine mifupi ya kukatiza, na sehemu kubwa ya mihimili hiyo ni mitupu ndani. Kiwandani huacha matundu upande wa chini ili maji yakiingia yapate kutoka. Tope likiziba matundu hayo, mhimili unabeba maji yake miezi na miaka, na kutu inaanza ndani inakula kuja nje. Rangi ya nje inabaki nzima. Mtu akipiga tochi anaona weusi safi, anasimama, anakung'uta magoti na kusema chini kuko sawa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo fundi hufanya akishalala kwenye gunia lake ni kutafuta matundu. Anayajua yalipo kwa kila aina ya gari, anayapapasa bila kutazama. Kisha anaingiza ule waya wenye ndoano na kuvuta kilichomo.

Hapo ndipo nilipoona kazi yake kwa karibu zaidi. Mama mmoja mfanyabiashara wa kahawa alikuwa amepata pikapu ya Land Cruiser Muleba mjini, ya zile zilizotoka kuanzia mwaka 1999, zenye springi za mviringo mbele na za vyuma bapa nyuma. Nyeupe, safi, viti vimevalishwa vitambaa vipya. Dalali alisema lilikuwa gari la masista. Huku kwetu hiyo ni sifa kubwa, kwa kuwa hospitali za misheni za Rubya na Ndolage, na parokia zote zilizoko milimani, zimeendesha magari ya namna hii kwa miongo mingi na watu wanajua yanavyotunzwa. Gari la padre, gari la sista, gari la mzungu: ukiyahesabu yote yanayouzwa kwa jina hilo utadhani Kagera ina mapadre wengi kuliko migomba.

Fundi hakubisha. Alizunguka gari kwanza kwa mbali, hatua kama kumi hivi, akatazama nafasi iliyopo kati ya kabini na bodi ya nyuma, kama ni sawa juu na chini, kulia na kushoto. Ikiwa si sawa, chesisi imekwisha kupinda na hana haja ya kuchafua shati. Ilikuwa sawa. Akalala nyuma, upande wa kushoto, pale mhimili unapoinuka kupita juu ya ekseli. Huanzia hapo daima, kwa sababu tairi la nyuma hurusha tope juu ya kipande hicho na hakuna mvua inayokifikia kukisuuza. Waya ukaingia kwenye tundu, ukatoka na donge la udongo mweusi, bado bichi, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku kadhaa. Akalivunja kwa vidole. Akaniambia nisogeze tochi. Ndani ya donge kulikuwa na vitu vyembamba vinavyong'aa, vya duara, vingi. Magamba ya samaki.

Akatoka chini na donge kwenye kiganja, akamnyooshea yule mama.

"Mama, masista hawa walikuwa wanavua?"

Dalali akacheka peke yake. Mama akayatazama yale magamba, akamtazama fundi. "Waitu fundi, niambie ukweli."

"Ngoja nimalize, Mama. Bado sijalisikia."

Samaki si tusi kwa gari, na nusu ya Muleba inaishi kwa ziwa. Bumbire, Ikuza na Goziba ni visiwa vya wilaya hii, na kila siku pikapu hushuka mialoni kupakia. Ubaya uko kwenye chumvi na barafu. Sangara anayekaushwa kwa chumvi, kayabo, soko lake kubwa liko Kongo, na kabla hajafika huko hubebwa sana na magari haya. Maji ya chumvi hudondoka safari nzima, hupenya kwenye maungio ya bodi ya nyuma, hutua juu ya chesisi, sawasawa pale kwenye ekseli. Barafu ya samaki wabichi nayo huyeyuka ikipitia njia hiyo hiyo. Chumvi hufanya maji yawe njia nzuri zaidi ya umeme ule mdogo unaoula chuma, na tofauti na maji, haikauki ikaondoka. Inabaki ndani ya donge ikingoja mvua nyingine. Kwa hiyo mtu wa Bukoba akisema kwamba kutu ya chumvi ni shida ya Tanga na Unguja kwa kuwa ziwa letu ni la maji baridi, hajapata kulala chini ya pikapu ya mwaloni.

Nyundo ilifuata. Fundi hagongi kwa nguvu. Huiachia nyundo ianguke kwa uzito wake, anasogea kidogo, anaiachia tena, kutoka nyuma kwenda mbele, mhimili mzima. Chuma kizima hujibu kwa mlio mwembamba unaodumu. Kilicholiwa kwa ndani hujibu kwa kishindo kifupi kinachofia pale pale, sauti ya kugonga shina la mgomba lililooza. Mimi nilisikia tofauti pale ilipokuwa kubwa tu. Yeye alisimama sehemu ambazo kwangu zilikuwa sawa kabisa na zilizotangulia, akarudi nyuma kidogo, akagonga tena, akaweka alama kwa chaki. Mwishoni kulikuwa na alama sita, zote nyuma ya kabini, nne kati yake upande wa kushoto. Kwenye moja alichukua bisibisi, akaikaza ncha kwa kiganja bila kugonga. Ikazama. Rangi ilikuwa nzima hadi sekunde ile.

"Mama, injini nzima, giaboksi nzima," alisema alipoinuka. "Chesisi ya nyuma imekwisha. Ukipakia kahawa gunia kumi na tano ukapanda nalo Kamachumu, springi itabaki barabarani."

Hakusema usinunue. Hasemi hivyo kamwe. Anataja kilichopo na kile ambacho mzigo utakifanya, kisha anakunja gunia lake.

Sitaki msomaji afikiri kwamba mtu huyu huona kutu kila mahali. Uhodari wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kutoiogopa kutu isiyo na madhara. Wiki chache baada ya safari ile tulitazama Hilux iliyokuwa imefanya kazi Karagwe, chini yote ya rangi ya machungwa, bolti zote, ekseli yote, hata vishikio vya bomba za breki. Mimi ningeondoka. Fundi alipitisha brashi ya waya mara nne kwenye mhimili, unga ukatoka, chini yake chuma kikatokea cheusi, laini, bila shimo. Kutu inayotoka kwa unga, alisema, imegusa ngozi tu. Inayotoka kwa tabaka, moja juu ya jingine, ndiyo ya kuulizwa, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na unene ule wote unaouona umetoka kwenye unene wa mhimili. Ile Hilux ilikuwa mbaya ya sura, na aliipitisha. Inafanya kazi mpaka leo.

Kinachomtia wasiwasi zaidi ni chesisi nzuri mno. Gari la miaka ishirini lenye weusi mpya chini, usio na alama ya jiwe hata moja, limepakwa kwa ajili yako. Wengine hupuliza rangi nyeusi juu ya kutu, wengine hupaka oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Hiyo oili ina hadithi mbili. Wenye magari wengi huipaka kila mwaka kwa nia njema kabisa, na kwa kweli inasaidia kufukuza maji, ingawa inachafua udongo wanapoegesha. Lakini ikipakwa jana yake inaficha nyufa. Fundi hutofautisha kwa kidole: oili ya miaka imeshika vumbi na kuwa gamba gumu, ya jana inachafua mkono. Kuhusu rangi, ana sumaku. Mahali ambapo shimo limejazwa puti na kupakwa juu, sumaku haishiki, au inashika kwa uvivu, na yeye huusikia uvivu huo mkononi kabla sumaku haijaanguka.

Kuna pia kiraka cha kuchomelea. Wanunuzi wengi wakikiona hufurahi: tatizo lilionekana, likarekebishwa. Fundi huanza upya. Moto wa kuchomelea huunguza rangi iliyo ndani ya mhimili, upande ambao hakuna brashi itakayoufikia, na chuma kilichobaki uchi pale pembeni mwa kiraka huoza kwanza. Kwa hiyo hagongi kiraka. Anagonga vidole viwili kabla yake na vidole viwili baada yake. Anatazama pia umbo. Fundi wa kuchomelea anayejua kazi hukata bamba lenye ncha za mshazari, ili mzigo usikutane na mstari mmoja uliosimama kutoka juu hadi chini ya mhimili. Bamba la mraba lililochomelewa pande zote nne hutengeneza mstari huo, na ufa wa kesho utaufuata. Nimemsikia akimsifu fundi asiyemjua kwa dakika nzima kwa sababu ya kiraka kimoja kilichokatwa vizuri, kilichopakwa redi oksaidi na kutobolewa tundu jipya la kutolea maji. Gari lenyewe lilikuwa bovu.

Land Rover humfanya abadili mkao. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Aluminiamu haishiki kutu, kwa hiyo bodi hudanganya vizuri sana: gari linaonekana zima miaka arobaini huku chesisi, iliyoundwa kwa mabamba ya unene wa karibu milimita 2, imekwisha kuondoka. Hapa fundi hutafuta unga mweupe. Mahali aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa na kuacha unga huo, na ukiuona kwenye maungio ujue maji yamekaa hapo muda mrefu. Kisha anakwenda moja kwa moja kwenye mhimili wa mwisho kabisa nyuma, na kwenye mikono mifupi inayotoka pembeni mwa chesisi kushikilia bodi. Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, kwa hiyo hata changa zake sasa si changa tena.

Lakini mengi ya magari anayoitiwa yametoka Japani, na kwa haya ana mbinu ambayo niliipenda kuliko zote. Japani ya kaskazini ina theluji nyingi, na barabara zake humwagiwa chumvi ili barafu isishike. Hutumika chumvi ya kawaida, hutumika pia kloridi ya kalsiamu, inayovuta unyevu kutoka hewani na kubaki imelowa hata siku isiyo na mvua. Gari lililoishi huko majira kumi ya baridi hushuka bandarini Dar es Salaam likiwa limetunzwa juu mpaka unaona haya kulikalia, na chini limekwisha kuanza kuliwa. Kwenye karatasi za minada ya Japani mkaguzi huandika S penye kutu na C penye kutu iliyokwisha kula chuma, ila karatasi hizo hufika Bukoba kwa nadra. Fundi hafungui hata boneti. Anafungua mlango wa dereva na kutafuta kwenye nguzo yake stika ya gereji ya Japani, ile ya kukumbusha tarehe ya kubadilisha oili, ambayo mara nyingi hakuna aliyejisumbua kuibandua. Hajui herufi moja ya Kijapani. Anasoma namba ya simu.

Namba za mezani za Japani zinazoanza na 01 ni za Hokkaido na mikoa ya kaskazini ya Aomori, Akita na Iwate. 011 ni Sapporo kabisa. 025 iko Niigata, nako theluji hushuka kwa wingi. 098 ni Okinawa, ambako hakuna theluji lakini bahari iko kila upande. Haya yote ameyaandika kwa kalamu kwenye jalada la daftari lake la madeni, mistari michache tu, na kwa mistari hiyo anajua gari lilikulia wapi kabla hajainama. Akiiona 01 huvua shati la juu na kutandika gunia taratibu, maana siku hiyo ni ndefu.

Wakubwa wa dunia nao hawakupona. Mwaka 2008 Toyota ilianza kuzinunua tena nchini Marekani pikapu za Tacoma za mwaka 1995 hadi 2000 ambazo chesisi zao zilioza kupita kiasi, ikilipa mara moja na nusu ya thamani yake. Mwaka 2016 ikakubali mapatano mapana zaidi mahakamani, ya Tacoma, Tundra na Sequoia zipatazo milioni 1.5, yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kipimo cha kubadilishiwa chesisi katika mapatano hayo kilikuwa shimo la milimita 10 au zaidi. Nilipomsimulia fundi alitulia kidogo, akauliza: "Na ambalo bado halijatoboka?" Ni swali la mtu anayepakia magunia. Uingereza, kwenye ukaguzi wa magari wa kila mwaka, wana kanuni iliyo karibu zaidi na fikra zake: kutu iliyodhoofisha chuma kinachobeba mzigo ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka pale springi, usukani au mkanda wa kiti vinapofungwa, gari linaanguka mtihani. Yeye hupima kwa shibiri. Shibiri moja na vidole vichache kila upande wa kishikio cha springi, hapo hataki mjadala. Kwingineko anaweza kujadiliana.

Kuna kitu kimoja ambacho hukitazama mwisho, na wanunuzi wangefanya vema kukitazama mwanzo. Land Cruiser na magari mengi ya jamii yake yamepigwa namba ya chesisi kwenye mhimili wenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, na bila kulingana nayo huwezi kuhamisha umiliki kwa amani. Kutu ikila pale, huna gari. Una vyuma na karatasi. Fundi husugua sehemu hiyo kwa brashi laini, si ya waya, anapaka mate ya kidole na kuwasha tochi kwa ubavu ili kivuli kijaze herufi. Anasoma kwa sauti, mnunuzi anafuata kwenye kadi. Nikiwa mshika tochi nimejifunza kwamba mwanga wa ubavuni unaonesha zaidi ya mwanga wa usoni, kwenye namba na kwenye chuma chochote.

Malipo ya kazi hii ni madogo na ya ajabu kidogo. Akitengeneza springi, mteja anaiona springi. Akikagua chesisi na kuikataa, mteja anarudi nyumbani bila gari, dalali amenuna, muuzaji amekasirika, na fundi analipwa nauli na kitu kidogo cha asante. Hakuna kinachobaki cha kuonesha. Yule mama wa kahawa alipanda basi kurudi Kamachumu akiwa amekunja uso, na sidhani kama siku ile alihisi amepata kitu. Baadaye alimwita tena fundi, Bukoba safari hii, na gari alilonunua lilikuwa na rangi mbaya, mlango uliopondeka na chesisi iliyolia vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Madalali kadhaa mjini hawamsalimii fundi. Wengine, wenye akili zaidi, siku hizi humwita wao wenyewe kabla ya kutangaza gari, ili wajue bei ya kuanzia.

Nilimwuliza kama anamfundisha kijana yeyote. Anaye mmoja, anamfundisha kwa mtindo mmoja tu: humlaza chini ya gari, humpa nyundo, kisha yeye anakaa kwenye kigoda pembeni akisikiliza milio. Kijana akisema "hapa pabovu", anaulizwa kwa nini maji yalikaa hapo. Asipokuwa na jibu, anaanza tena kutoka nyuma. Nadhani hiyo ndiyo elimu yenyewe, kwa sababu anayejua njia ya maji anaweza kukagua hata gari ambalo hajawahi kuliona, na anayejua orodha ya sehemu za kutazama atashindwa siku ya kwanza akiletewa Patrol badala ya Land Cruiser.

Wewe unayekusanya pesa kwa ajili ya pikapu ya shamba au ya duka, chukua fundi wako mwenyewe, usikubali wa muuzaji, na umlipe kabla hajainama ili asione haya kukukatalia gari. Mpigie muuzaji simu siku moja kabla, umwambie asilioshe. Nendeni mchana, siku kavu, mahali tambarare. Na fundi akichelewa kutoka chini, mwache. Wewe shika tochi.